Shibiri Moja ya Bawa la Kushoto

Paliondokea nchi, na wala si zamani za kale. Ni zamani za juzijuzi, sukari ilipopanda bei mara ya pili, tukaambiwa haikupanda, ila sisi ndio tulioshuka. Jina la nchi silitaji. Ukiijua, nyamaza, usipoijua, shukuru Mungu. Nitasema tu kwamba kwenye noti zake, chini ya picha ya Mtukufu Mlezi wa Taifa, yameandikwa maneno mawili: NA SISI.

Ndiyo kaulimbiu yao. Majirani wa ng'ambo ya mto walipojenga daraja, nchi ile ikasema na sisi, ikajenga daraja mahali pasipo na maji. Kijito kilikuja kuchimbwa baadaye. Majirani walipoweka simba watatu kwenye bustani yao, na sisi tukaweka watatu, na wawili kati yao walikuwa watumishi wa umma wenye moyo wa kujitolea.

Sasa asubuhi moja Mtukufu alikuwa barazani kwake anakunywa uji wa ulezi. Kivuli kikapita juu ya kikombe. Akainua macho: gari. Gari jekundu lenye mabawa, linatoka kwa majirani linapita angani taratibu, na dereva wake anatafuna muhindi wa kuchoma. Likazunguka juu ya Ikulu, likarudi kwao.

Mtukufu hakuumaliza uji ule. Uliganda ukaota ngozi, na hakuna aliyethubutu kuuondoa. Uko mpaka leo kwenye jumba la makumbusho, ndani ya kabati la kioo, na wanafunzi hupelekwa kuutazama ili wajifunze uzalendo.

"Wametupitishia kivuli," aliwaambia mawaziri. "Kwenye uji! Nataka na sisi tuwe na gari linaloruka, na kivuli chake kiwe kipana kuliko chao. Nawapa siku tisini."

Mawaziri wakapiga makofi siku mbili. Zikabaki themanini na nane.

*

Wivu wa wakubwa mimi siucheki. Nami ninao wangu, na ni mkongwe kuliko serikali ile.

Mimi na Sikudhani tuliolewa na mume mmoja, marehemu Mbwana, fundi wa maturubai. Mimi ndiye mke mkubwa. Mbwana alitufundisha sote wawili kushona maturubai ya malori, akatununulia cherehani mbili za aina moja, siku moja, duka moja, akaziweka kwenye baraza moja zikipeana mgongo. Alipofariki tukabaki vilevile, miaka kumi na tisa. Nikisikia cherehani ya Sikudhani inakwenda mbio, nami nakanyaga zaidi. Malori ya nchi ile hayajapata kuvuja, na watu husema ni uzalendo.

Mbwana alikuwa mtu wa haki mpaka anachosha. Ikikaribia Idi hununua jora zima la kitambaa. Anatuita uani. Mimi nashika ncha hii, Sikudhani ncha ile, tunakunja katikati, tunavuta. Ndipo anatoa mkasi. Sheria yake ilikuwa moja: mmoja akate, mwenzake achague. Anayekata hachagui. Nakwambia, hakuna mkono duniani unaokata sawasawa kama wa mwanamke anayejua kwamba mke mwenziwe ndiye atakayechagua.

Basi tulikuwa sawa kwa kila kitu, isipokuwa redio. Sikudhani alikuja nayo kutoka kwao.

Redio ile ndiyo iliyoninyang'anya mjukuu. Hidaya ni mjukuu wangu mimi, wa damu, mtoto wa binti yangu, naomba hilo lieleweke. Lakini alipokuwa mdogo alishinda kwa Sikudhani, maana Sikudhani alimwachia aifungue redio. Akaifungua, akaifunga, zikabaki parafujo saba nje, na redio ikaimba vilevile. Mimi nilikuwa nimemkataza kugusa cherehani yangu. Mtoto akakua, akawa mhandisi, na kila anayemsifu husema, "Ni ile redio ya Bi Sikudhani." Hajatokea hata mmoja akasema, "Ni ile cherehani ya Bi Semeni aliyokatazwa."

Nami nasubiri. Subira ninayo.

*

Hidaya alikuwa anaunda gari lake la kuruka kwa miaka sita, bandani nyuma ya mashine ya kusaga. Aliwahi kuiandikia serikali mara tisa akiomba kibali. Ilimjibu mara moja, kwamba nchi haina anga ya kutosha. Sasa yakaja magari kumi na mawili yenye bendera, yakasimama mbele ya mashine ya kusaga, na akina mama waliokuja na mahindi yao wakaambiwa wakasage kesho.

Katika nchi ile kila jambo hupewa wizara mbili, ili zichungane. Gari likapewa Wizara ya Anga ya Chini, ya Mheshimiwa Ngereza, na Wizara ya Ardhi ya Juu, ya Mheshimiwa Mkamia. Waheshimiwa hawa walisoma dawati moja utotoni, na hawajasameheana kuhusu nani alikalia upande wa dirisha.

Vipuri vikaanza kujaribiwa. Cha kwanza kilikuwa honi. Hidaya alisema honi inaweza kusubiri.

"Mhandisi," Mheshimiwa Ngereza akamwuliza, "huko juu utaombaje njia?"

Honi ikajaribiwa siku kumi na moja, ikafaulu.

Injini ikafungwa kwa minyororo kwenye nguzo ya zege kule machinjioni, ikaachwa ingurume saa nne mfululizo. Hidaya alikuwa na daftari lake, anaandika joto, anaandika mafuta, anagusa, anasikiliza kama mkunga. Upepo wa pangaboi ukazichukua kofia za maofisa waliosimama nyuma. Tume ya majaribio nayo ikaandika taarifa yake: "Kofia kumi na nne zimeruka. Uwezo wa injini kurusha vitu umethibitishwa." Kiti kikajaribiwa kwa kumkalisha Mheshimiwa Mkamia mkutano mzima. Alisinzia. Kiti kikafaulu kwa alama za juu.

Yakabaki mabawa.

"Haya ndiyo yenyewe," Hidaya akawaambia. "Mifupa yake ni mabomba ya alumini yanayoingiana, unayavuta mpaka turubai likaze. Kwa hiyo urefu wa bawa ni urefu wa turubai. Vitu vingine vikikosewa kidogo nitavumilia. Lakini bawa moja likizidi lingine hata shibiri moja, gari haliruki, linazunguka. Yashonwe pamoja, mahali pamoja. Na washonaji ninao, ni bibi zangu."

Waheshimiwa wakatikisa vichwa kwa hekima. Kisha Ngereza akachukua bawa la kushoto, Mkamia la kulia. Mimi nikapelekwa bohari ya Anga ya Chini, Sikudhani bohari ya Ardhi ya Juu, mtaa wa pili. Tukaapishwa tusitaje vipimo kwa kiumbe yeyote. Milangoni wakawekwa askari. Hidaya alipotaka kuyaona mabawa akaulizwa kibali. Akakitoa. Askari akakisoma mara tatu.

"Mhandisi, hiki kibali chako ni cha katikati. Mabawa yako pembeni."

*

Bohari ilikuwa na feni, na chai ya maziwa saa nne. Ningestarehe, laiti nisingekuwa najua kwamba na Sikudhani anayo feni.

Siku ya tatu akaja Mheshimiwa Ngereza, akainama karibu na sikio langu kama anayetaka kuniposa.

"Bibi Semeni. La wenzetu lina urefu gani?"

"Sijui, Mheshimiwa. Ni siri."

"Siri ya kwao, si ya kwetu. Tuna habari kwamba wameongeza shibiri. Na wewe ongeza."

Habari ililetwa na Bwana Kombo, mpelelezi. Wizara ya Ardhi ya Juu nayo ilikuwa na mpelelezi wake, na alikuwa huyuhuyu Bwana Kombo, maana serikali ilikuwa katika kubana matumizi. Asubuhi anakuja kwangu anapima anaandika, mchana anakwenda kwa Sikudhani anapima anaandika, jioni anawapelekea waheshimiwa wote wawili. Ngereza akisikia ameachwa shibiri, anaongeza. Mkamia naye anafuata, hamwachi mwenziwe atangulie hata ukucha. Lile bawa lililoagizwa pima mbili likafika pima tatu, na Hidaya kule katikati akawa kila wiki anabadilisha pangaboi ili injini iweze.

Lakini lazima niseme kweli: kwa njia ile ya kipumbavu, mabawa yalibaki sawasawa. Wivu wa Ngereza na wivu wa Mkamia vilikuwa na uzito mmoja. Kama ingekuwa hao wawili tu, nisingekuwa na hadithi.

Siku moja Bwana Kombo alipokuwa anapima, akatia maneno ambayo hakuulizwa.

"Ila Bi Sikudhani ana mkono, jamani. Mshono wake umelala kama nywele zilizopakwa mafuta."

"Ee," nikasema.

"Na mjukuu wake anavyompenda! Kila siku saa nne anamletea vitumbua, wanakunywa chai pamoja pale dirishani."

"Mjukuu wake nani?"

"Si yule mhandisi?"

Kwangu alikuja Jumatatu tu. Na vitumbua sikupata kuviona. Baadaye niliambiwa kwamba askari wa kwetu alikuwa anavizuia mlangoni kwa ajili ya usalama wa taifa, na kuvila kwa sababu hiyohiyo. Lakini siku ile sikujua. Kombo alipoondoka nikatoa kipande cha turubai, nikakiunganisha kwenye bawa langu. Shibiri moja. Hakuna mheshimiwa aliyeniagiza. Nilikifichia mshono kwa ndani, nikakikunja kwa pindo la uongo, kesho yake Kombo akapima asione kitu. Nilipolipeleka kufungwa kwenye mabomba, nikalifumua pindo, bawa likanyooka lote. Nikasema moyoni: Siku ya siku, watu watatazama juu, wataona la kushoto ndilo refu.

*

Jaribio likafanyika uwanja wa mpira. Abiria alikuwa gunia la mchanga, lenye uzito wa mtu mzima, likavalishwa tai kwa heshima ya shughuli. Gari lilifungwa kamba nne ndefu lisije likakimbilia kwa majirani. Injini ikanguruma, mabawa yakafunguka, watu wakasema aaa. Gari likanyanyuka. Likafika kimo cha nyumba. Kisha likainamia kulia, likaanza kuzunguka, kwanza polepole, halafu kama pia aliyotupa mtoto mtundu. Gunia likachomoka, likapita juu ya kwaya ya taifa, likapasukia kwenye nguzo ya goli.

Nilikuwa nimesimama karibu. Mchanga ulinirukia miguuni. Tai ilibaki imening'inia kwenye mtambaapanya wa goli.

Tume ikaandika: "Jaribio limefana. Abiria ametua mapema, sehemu mbalimbali."

Hidaya akawakimbilia waheshimiwa. "Mabawa hayalingani! Naomba yapimwe, yote mawili, mbele yangu."

"Kupimwa?" Mheshimiwa Mkamia akashika kifua. "Unaidhalilisha wizara."

"La kwangu halina neno," akasema Mheshimiwa Ngereza. "Nina taarifa za kila siku. Labda la mwenzangu."

"La kwako ndilo!"

"La kwako!"

Baada ya saa mbili wakaafikiana kwamba kosa ni la gunia. Gunia lile halikuwa na uzoefu. Jumamosi ndiyo siku ya tisini, Mtukufu atakuwepo, na Mkuu wa ng'ambo amealikwa aketi kwenye ukingo wake wa mto na kikombe mkononi ili apitishiwe kivuli. Siku haiahirishwi. Atafutwe abiria mwenye akili timamu. Waheshimiwa wote wakatazamana, na hapohapo presha zikawapanda, mmoja akakumbuka goti lake, mwingine akakumbuka ahadi aliyomwekea mama yake mzazi.

"Nitapanda mimi," Hidaya akasema.

Alhamisi akanijia kwenye dirisha la bohari, maana kibali cha kuingia hakupata. Hakuketi.

"Bibi, nakuuliza kama mjukuu, si kama mhandisi. Bawa lako lina urefu gani?"

Ulimi ulikuwa umeshaanza kusema. Nikaumeza. Nikisema ukweli leo, kesho utafika kwa Sikudhani. Nitakaaje tena barazani, mgongo wangu nauelekeza wapi?

"Mwanangu, niliapishwa."

Akacheka kidogo, bila furaha. "Nimemwuliza Bibi Siku, akanijibu, 'Kamwulize Semeni.' Nakuuliza wewe, unasema umeapishwa. Haya. Kibali changu ni cha katikati, Bibi. Nitakaa hukohuko katikati."

Akaondoka. Nikasikia viatu vyake mpaka getini. Sikudhani alimwambia aje kwangu! Kwa hiyo Sikudhani anajua. Usiniulize usiku ule nililalaje.

*

Ungeweza kusema: si ufumue shibiri yako, ukae kimya? Nililifikiria sana hilo. Lakini kama na Sikudhani aliongeza yake? Alikuwa na mikono, alikuwa na turubai, na alikuwa na mimi. Labda aliongeza nusu shibiri, mimi nzima. Nikiikata yangu yote, mtoto atazunguka upande wa pili. Palikuwa hapana njia ila kuyaweka mabawa pamoja. Na hilo ndilo jambo lililoishinda serikali nzima.

Baada ya jaribio, mabawa yalikuwa yamevuliwa kwenye mabomba na kurudishwa bohari zake. Ijumaa adhuhuri nikalikunja langu, nikalifunga kwa kanga, nikajitwika. Askari akanisimamisha getini akafungua daftari.

"Bibi, unatoka na nini?"

"Turubai."

Akapitisha kidole kwenye orodha. "Imekatazwa kutoka na bawa. Turubai halimo. Pita."

Kwenye bohari ya pili naye askari aliangalia daftari lake. Ilikuwa imekatazwa kutoka na kitu usichoingia nacho. Kuingia na kitu hakukuandikwa.

Sikudhani alikuwa ameketi na miwani yake puani. Hakushtuka.

"Umechelewa," akasema. "Nilikungoja tangu jana."

"Nilikuwa na kazi."

"Ya kuongeza, au ya kupunguza?"

Nikautua mzigo. "Sikudhani, usinianze."

"Sijakuanza, mke mwenza. Ningekuanza ungejua. Kunjua hilo guo lako."

Tukalikunjua sakafuni. Akalileta lake, tukalitandaza juu ya langu. Nikashika ncha hii, akashika ncha ile, tukavuta kama tulivyokuwa tukivuta mbele ya Mbwana. Ncha za huku zikakutana vizuri. Ncha za kule, langu likachungulia chini ya lake. Sikudhani akaweka kiganja, akanyoosha kidole gumba na cha mwisho. Shibiri moja. Haikuzidi wala kupungua.

"Hii si ya Ngereza," akasema.

"Si yake."

"Ya nani?"

Nikatazama feni. "Yangu."

Nilingoja acheke. Nilikuwa nimeshaandaa na majibu, matatu, makali. Hakucheka. Akavua miwani.

"Nami niliongeza," akasema. "Shibiri hiihii. Kombo alikuja akaniambia umeshona mshono ambao hata ukivutwa na ng'ombe haufumuki. Roho iliniuma, we Semeni! Nikaongeza. Nikakaa nayo siku mbili, nikaifumua. Nilifikiri: huyu mtoto atakaa pale katikati, na huku pembeni wapo vikongwe wawili wanavutana."

"Waheshimiwa walisema gunia ndilo litakalopanda."

"Nawe uliamini kwamba wale watapanda baada ya gunia?"

Yale majibu yangu matatu hayakufaa tena. Nitakwambia lililonichoma zaidi. Halikuwa kosa langu. Ni kwamba hata kutubu alikuwa amenitangulia.

"Basi kata," akasema, akanisukumia mkasi.

"Kata wewe."

"Mwaka wa mwisho, Mbwana yu hai, nilikata mimi. Zamu yako."

Miaka kumi na tisa, na yeye anaikumbuka zamu. Nikashika mkasi. Kukata shibiri ile peke yake kungeacha pindo baya, ikabidi tuyanyooshe mabawa yote mawili upya, moja juu ya lingine, na mkasi upite kwenye yote mawili mara moja. Nilikata magotini. Nilikata kama ninapitisha mkasi kando ya mboni ya jicho. Ningalikata kwa namna gani nyingine, na Sikudhani amesimama juu ya kichwa changu? Tukapiga pindo jipya, kila mmoja na la kwake.

"Haya," nikasema, "mimi nimekata. Chagua."

Turubai halina kushoto wala kulia. Ukiligeuza ni lilelile. Akayatazama. Akapapasa mishono kwa kidole, lake kisha langu, kisha lake tena. Akalichukua langu.

"Hili ndilo litakalokwenda kulia kwangu," akasema. "Ng'ombe akilivuta halifumuki."

Nikajitwika la kwake nikaondoka upesi, maana sikutaka anione uso. Na njiani, wallahi, niliupapasa mshono wake. Umelala kweli, kama nywele zilizopakwa mafuta. Niliona wivu mpaka nikafika.

*

Jumamosi jua lilitoka mapema, nadhani kwa amri. Mtukufu aliketi jukwaani. Upande wa pili wa mto, chini ya mwavuli, Mkuu wa ng'ambo aliketi na kikombe chake cha chai, mtu wa adabu, akatupungia.

Mheshimiwa Ngereza akahutubu. "Mtukufu, Mlezi, Jicho la Kivuli! Wengine hutembea chini kwa sababu hawakupata uongozi. Leo anga, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikikaa bure bila kulipa kodi, itaanza kuchangia maendeleo. Na naomba macho yote yalitazame bawa la kushoto."

Mheshimiwa Mkamia akahutubu vilevile, neno kwa neno, ila macho akayaomba kulia.

Mimi nilipewa kiti upande wa kushoto wa uwanja, Sikudhani upande wa kulia, kila mtu na wizara yake. Hidaya akaja na ovaroli yake yenye grisi. Akamtazama Sikudhani, akanitazama mimi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu, tuliogopa Kombo. Sikudhani akainua kiganja, akakunja kidole gumba na cha mwisho, akaweka ngumi. Shibiri haipo. Nami nikafanya vilevile. Mtoto akasimama kidogo. Kisha akapanda, akafunga mkanda.

Injini. Vumbi. Kofia zikaondoka tena. Mabawa yakafunguka, yakakaza. Gari likapanda kimo cha mtu, kimo cha goli, kimo cha nyumba, pale lilipoinama siku ile. Nilishika kiti kwa mikono miwili. Nilikuwa nimefumba jicho moja, lingine limekataa.

Halikuinama. Lilikwenda, limenyooka kama uzi kwenye sindano. Likavuka mto, kivuli chake kipana kikapita juu ya mwavuli, juu ya kikombe, na Mkuu wa ng'ambo akakiweka kikombe chini. Chai ile hakuimaliza. Nasikia siku hizi kule kwao wanajenga jumba la makumbusho.

Juu ya mto, Hidaya akauachia usukani. Niliona kwa macho yangu haya. Akatoa mikono yote miwili nje, mmoja huku, mmoja kule, akatupungia, na gari likaendelea mbele peke yake, bila kuyumba hata ukucha.

*

Mtukufu alifurahi siku moja. Siku ya pili ikaundwa tume kuchunguza kwa nini hakuna bawa lililokuwa refu kuliko mwenziwe, jambo ambalo wizara zote mbili zililichukulia kama hujuma. Tume ilipokosa mhujumu, Ngereza na Mkamia wakapandishwa vyeo, wote wawili, siku moja, ngazi moja. Hawajasemeshana mpaka leo.

Hidaya alikaa ng'ambo siku tisa. Kibali chake kilikuwa cha kuruka. Cha kutua nyumbani kilikuwa bado kinasainiwa. Siku ya kumi akachoka kungoja, akakunja mabawa, akarudi barabarani kwa magurudumu kama gari la mtu yeyote, akapiga honi mbele ya baraza yetu. Honi ni nzuri, siwezi kusema uongo.

Tulikuwa tunashona. Cherehani bado zimepeana mgongo. Uzee na kuhamisha vitu havipatani. Aliketi kati yetu, na vitumbua, sahani moja.

"Tuambie wewe mwenyewe," Sikudhani akamwanza hata hajameza. "Pale juu ya mto, ulimpungia nani?"

"Nyote, Bibi. Mikono si miwili?"

"Si unamsikia," nikasema.

"Namsikia. Lakini wa kulia uliutoa kwanza."

Hidaya akacheka mpaka kitumbua kikampalia, ikabidi Sikudhani ampige mgongo upande wake nami nimpige upande wangu.

Mimi sikubishana. Subira ninayo. Lakini wewe uliyefika mpaka hapa nitakwambia: ulikuwa wa kushoto. Niliuona.